Jiko la Nje la Mama Shaban

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mkata, nilikabidhiwa baiskeli, ramani ya nyumba na onyo. Onyo lilitoka kwa Bwana Maendeleo wa Wilaya, mkuu wangu. "Bibi Maendeleo," aliniambia, "ramani ni hii moja. Usianze kuniletea maswali." Nami hata mdomo nilikuwa sijafungua!

Ninyi mmezaliwa feni ikizunguka, kwa hiyo acheni nieleze. Bibi Maendeleo alikuwa mtumishi wa kufundisha kaya mambo ya nyumba: hewa ipite wapi, moto ukokwe wapi, kuni zitumikeje zisiishe mapema. Enzi za vijiji vya ujamaa watu walihamia nyumba mpya, nasi tukaagizwa ziwe nyumba bora: matofali, bati, madirisha mawili makubwa, jiko nje. Sikuwa na ugomvi na nyumba bora. Ugomvi wangu ulikuwa na jua la Mkata.

Bati tupu lisilo na dari linachoma, jamani. Saa saba mchana ungeweza kukausha mihogo mle ndani. Wenye nyumba mpya walishinda chini ya upenu wa jirani ambaye bado alikuwa na paa la nyasi. Nikamwambia mkuu tuweke dari ya fito na udongo chini ya bati, joto liishie huko juu. Turefushe upenu ili ukuta upate kivuli, na tuache matundu karibu na paa hewa ya moto itoke. Vyote hivyo ni udongo na jasho tu.

Akanitazama weee. "Watu wametoka kwenye nyumba za udongo, wewe unataka kuwarudishia udongo kichwani?"

Dari zilikuja kujengwa baada ya yeye mwenyewe kuongoza mkutano ndani ya ofisi ya bati tupu, akatoka shati limemganda mgongoni. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote: kungoja mkubwa aungue kwanza, ndipo anisikie. Mara nikahamishiwa milimani, kijiji kimoja juu ya Dindira.

Huko kwenye mashamba ya chai ukungu unakufuata mpaka kitandani. Nilipewa ramani gani? Ileile! Madirisha mawili makubwa ya mbao, bila vioo, yakitazama upepo. Nilichoka hata kuchoka.

Mama Shaban alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Hidaya, kabla miezi haijatimia. Kalikuwa kadogo, unaweza kukalaza kwenye ungo. Mganga wa zahanati alituambia bila kuficha: "Huyu akipata baridi tumempoteza. Dawa yake ni joto." Na wiki hiyohiyo Katibu wa kijiji alikuwa ameihamishia familia hiyo kwenye nyumba bora, akatangaza kwamba ile ya zamani, iliyokuwa nyuma yake, itabomolewa Ijumaa.

Asubuhi moja nikapita kumjulia hali. Mlango umefungwa, madirisha yamezibwa kwa magunia, na ndani jiko la mkaa limekolea. Mama Shaban ameegemea ukuta, anaongea kama mlevi. Mkaa kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu, huioni wala huinusi. Nilimvuta nje yeye na mtoto, huku nikifoka.

"Unataka kuua mtoto?"

"Nifanyeje, Bibi Maendeleo?" alilia. "Nikifungua, midomo yake inageuka rangi. Nikifunga, kichwa changu kinapasuka. Niambie wewe, nifanyeje!"

Nikamfunika mtoto kwa kanga yangu. Tukakimbilia nyumba ya zamani, ambako mama mkwe wake alikuwa hajakubali kuhama. Kuta nene za udongo, nyasi nene juu, mafiga katikati, na juu ya moto dari ya kukaushia mahindi ya mbegu. Gogo moja la muwati hufukiwa majivuni jioni, na asubuhi makaa bado yapo. Moshi ulikuwepo, sikatai, na nilishagombana na wenye nyumba mpaka wakatoboa tundu juu. Lakini kabla chai haijachemka, mtoto alikuwa amerudiwa na rangi, ananyonya.

Ijumaa Katibu akaja na vijana wenye majembe. Alikuwa mtu wa Handeni, kwenye joto, amevaa koti juu ya koti. Akaingia, akaamkia, "Shikamoo, mama," akavuta kigoda kilichokuwa nyuma ya mlango bila kukitafuta, akanyoosha viganja motoni.

"Marahaba. Leo umewahi, mwanangu," yule mama mkwe akamwambia. "Si huwa unakuja jioni?"

Kumbe! Nusura nimrushie kikombe. Bwana mkubwa alikuwa anaota moto kila jioni kwenye nyumba aliyoamuru ibomolewe!

"Ndugu Katibu," nikasema, "kesho utaota moto wapi?"

Akakohoa. "Agizo ni agizo. Kila kaya nyumba bora moja."

"Na jiko nje. Ramani yako inasema jiko nje."

Akatazama mafiga. Akatazama sufuria. Mwisho akamtazama Hidaya, amelala kifuani kwa mama yake. Akatoka mlangoni. "Vijana, rudini," akawaambia. "Hili ni jiko."

Kipupwe chote familia ile ililala jikoni, viazi vikalala kwenye nyumba bora. Haukupita muda, kila kaya mlimani ikawa na jiko la nje lenye vitanda, na Katibu akawa hodari wa kukagua majiko jioni. Yeye kukiri kwamba nilikuwa sahihi? Thubutu!

Sasa nimestaafu, nakaa Old Korogwe. Mwanangu amenifungia kiyoyozi, na wajukuu wanakiwasha mlango ukiwa wazi. Mnapoza mtaa mzima? Fungeni mlango! Safisheni kichujio, shusheni pazia upande wa jua la jioni, pandeni mti huko nje. Wananiitikia tu, "Sawa, bibi."

Juzi Hidaya alikuja kunisalimia, naye sasa ni bibi, amembeba mjukuu wake mchanga. Mwanangu, kwa kumheshimu mgeni, akakiwasha kiyoyozi mpaka mwisho. Hidaya akamfunika mtoto kwa kanga, akaitazama ile mashine, akaniinamia.

"Mama," akauliza, "jiko lenu liko wapi?"

"Nje, mwanangu," nikamwambia, tayari nimeshasimama. "Twende."