Picha ya Tisa

Shangazi yangu hakuzaliwa na roho mbaya. Alijifunza, na alikuwa mwanafunzi hodari. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye meza ileile ya ofisi ya wadudu, ndani ya jumba la makumbusho, akipokea picha za nzi wa maua kutoka kwa watu wa kila aina. Nzi hao hujivika mistari ya njano na nyeusi ili wadhaniwe nyigu, na hawana hata mwiba wa kumchoma mtoto mchanga. Wengi wanafanana kama maharage ya gunia moja. Kazi ya shangazi ilikuwa kusema huyu ni yupi, na picha isipoonyesha vya kutosha, kujibu neno moja: "Haitoshi." Ndiyo maana tulimwita Bi Haitoshi, akiwa mbali.

Mimi nilimpangia picha zake. Kazi alinitafutia yeye, chumba nilicholala kilikuwa cha kwake, na yote mawili alinikumbusha kila nilipochelewa.

Kuna nzi wawili ambao wamewashinda wengi. Mmoja yuko kila mahali. Mwingine hakuwahi kuonekana tangu shangazi aajiriwe. Mgongo uleule, mistari ileile, mabawa yaleyale. Tofauti iko machoni: wa kawaida ana macho makavu, yanang'aa kama kifungo, na yule adimu macho yake yameota vinywele. Ukipiga picha kutoka juu huvioni hata ukodoe. Lazima ujishushe, upige ubavuni, mwanga ukitokea nyuma ya kichwa chake. "Achaneni na mgongo," shangazi alitufundisha. "Fungueni picha ya uso kwanza. Mwenye macho haambiwi tazama."

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa kushona mashuka ya hospitali. Nyuma ya chumba cha kufulia yeye na mkewe walikuwa wamepanda kichaka cha maua. Mkewe alipofariki, fundi akanunua kamera ya mtumba, akawa anashinda pale akiwapiga picha nzi na kututumia. Alijifundisha mwenyewe, na alijua.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Siku ya wageni, mbele ya wanafunzi na mkurugenzi, aliinamia sanduku la kioo ambamo shangazi aliweka nzi waliokaushwa, akasema kwa upole, "Mama, huyu mmemwandika jike. Mbona macho yake yamegusana utosini? Si dume huyu?"

Alikuwa dume. Mkurugenzi akacheka, na wanafunzi wakacheka kwa kuwa mkurugenzi amecheka. Shangazi akatabasamu. "Ahsante, mzee wangu. Kuishi kwingi ni kuona mengi." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikauona mshipa wa shingo ukimtutumka.

Tangu siku hiyo kila picha ya fundi ilijibiwa "Haitoshi", hata ya nzi ambaye kipofu angemtambua.

Mwaka wa tatu hospitali ikataka kukifyeka kichaka ipate pa kuegesha magari. Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alisema makumbusho wakithibitisha kwa barua, kabla ya Ijumaa, kwamba pana kiumbe adimu, magari atayahamishia upande wa pili. Jumatatu fundi akatutumia picha tisa na maneno machache: "Mama, naona vinywele machoni. Niangalizie tafadhali. Kama nimekosea nitakubali." Jumanne shangazi akamjibu: "Haitoshi. Macho hayaonekani."

"Shangazi, zote tisa umeziona?" nikamuuliza.

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, nauliza tu."

"Basi uliza chai yangu iko wapi."

Nilileta chai. Alipoitwa kwa mkurugenzi nikachungulia kompyuta yake, ambayo huweka alama kwenye kila picha iliyofunguliwa. Nne zilikuwa na alama, zote za mgongo. Ya tisa fundi alikuwa ameiandika "uso", na hakuna aliyeigusa. Ningeweza kuifungua. Ningeweza kumpigia mhandisi simu. Nikakifikiria chumba changu, nikafyata mkia. Naona aibu mpaka leo.

Jumamosi tingatinga likaja, na kufikia adhuhuri kichaka kilikuwa kimelala mizizi juu. Wiki iliyofuata wakamwaga lami.

Fundi akaja ofisini. Alikuwa amepiga shati pasi, na picha ya tisa ameichapisha, kubwa kama sahani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama, sikuja kugombana. Nataka kujua tu. Niliona kweli, au macho yangu yamezeeka?"

Shangazi akachukua lenzi. Alitazama muda mrefu mno kwa mtu asiyeona kitu. Mimi niliviona kutoka pale nilipokuwa nimesimama, bila lenzi: vinywele vimesimama kwenye mwanga, wazi kama ndevu.

"Mmoja hathibitishi kitu, mzee," alisema. "Niletee mwingine."

"Nitamtoa wapi? Pamewekwa lami."

"Basi ndiyo hivyo. Na macho nayo, umri ukishasogea..." Akaguna kama anayemhurumia. "Picha niachie, nitaitia kwenye faili."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mlangoni alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaitia mfukoni. Kisha akarudi, akaiweka kamera yake juu ya meza yangu. "Mpe mwenye macho," aliniambia, na hakuwa anapiga kijembe.

Hata saa moja haikupita, shangazi akaandika kwenye daftari kuu: nzi adimu, ameonekana tena. Aliyemtambua: jina lake mwenyewe. Mpiga picha: hajulikani. Mwezi uliofuata mkurugenzi akamkabidhi cheti. "Chanda chema huvikwa pete," watu walisema huku wakipiga makofi, na mimi nikapiga.

Picha ya tisa ikatiwa fremu, itundikwe juu ya meza yake. Alinipa nyundo, na msumari niliupigilia mimi.