Picha ya Kujaribia Taa

Mama mkwe wangu anaishi Bugeshi, juu kwenye baridi, na tangu tumzike mwanawe ameniomba kitu kimoja tu: picha yake akicheka. Ile ya harusi haitaki.

"Mule anakaa sawa na mutu anangojea daktari," aliniambia. "Mwana, si we uko mupiga picha? Picha ya bwana yako inakosekana namna gani?"

Inakosekana, mama. Nina picha za nusu ya mji huu, ila za mume wangu sina.

Sababu ni kazi yenyewe. Tulikuwa tunapiga picha za timu viwanjani, mchezaji mmoja mmoja, kwa taa za studio, zile za mwavuli. Watu walitucheka: jua lote hili, taa za nini? Wajue wapi. Jua la mchana linamfanya mtu macho yawe mashimo, ukimwashia taa kwa pembeni uso unarudi. Mimi nilishika kamera, yeye alishika stendi ya taa, maana upepo wa ziwani ukivuma mwavuli unataka kuondoka. Kabla hajanioa alikuwa fundi cherehani. Kwa vile kwetu mifuko ya plastiki hairuhusiwi, taa zangu alizishonea nguo kutoka koti kuukuu la mvua, akaziwekea na vifungo. Vumbi letu ni la mawe ya volkano, jeusi, laini, linaingia hata kwenye chai.

Wachezaji kabla hawajapanga mstari, stendi tunaiegemeza kwenye jiwe, yeye anaenda kusimama mbele ili nipime mwanga. Nampiga moja, naitazama, naifuta. Kila kiwanja, kila Jumamosi. Nani anatunza picha ya kujaribia taa? Hata wewe usingeitunza.

Msiba ulipokwisha nilikaa na kompyuta, nikafungua kila kitu. Nikaona makipa, manahodha, waamuzi wenye vitambi. Yeye nilimpata mkono tu, ukingoni mwa picha moja, umeshika stendi. Niliukodolea macho ule mkono hadi chai ikapoa. Nina hamu naye, nisizungushe maneno. Nina hamu hata na ubishi wake.

Na ni ubishi huo uliomwokoa asifutwe. Siku moja tulikwenda kiwanja cha Nyamyumba, wakati wa kiangazi, hapakanyagiki kwa vumbi. Yeye akataka taa tuiweke hapo hapo karibu na kamera, tusihangaike kuizungusha. Nikamwambia taa ikitoka upande wa kamera itawasha kila chembe ya vumbi iliyo mbele yangu.

"Vumbi iko kule, taa iko huku," akasema. "Bon, vitakutana wapi?"

"Nenda kasimame uone."

Akaenda. Timu ikapita mbele yetu ikikimbia kupasha misuli, nikapiga. Picha ikajaa madoa meupe, utadhani kamwagiwa unga wa muhogo. Nikaanza kumfokea kutoka pale nilipo, na yeye, badala ya kuona haya, akaangua kicheko. Nikapiga tena kwa hasira. Hiyo ya pili sikuifuta. Niliiweka kwenye simu yangu ya zamani ili kila akinibishia nimwonyeshe, na nilimwonyesha hasa, hata mbele ya wageni.

Ile simu nilikuwa nimeisahau kabisa, nikaikuta kwenye droo ya cherehani yake. Nikaichaji, nikangoja, nikamwona. Mdomo wazi, macho yamefumba, mikono ya shati imekunjwa, na vumbi limemjaa kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Nililia sana siku hiyo. Sina picha mbovu kuliko ile, na ndiyo niliyoichapisha kwenye karatasi kubwa, nikapanda nayo Bugeshi.

Mama mkwe aliacha viazi alivyokuwa anamenya, akanawa mikono, akaipeleka picha dirishani. Kisha akashika pindo la kitenge chake na kuanza kuifuta.

Nilitaka kumwambia kuwa lile vumbi limo ndani ya picha, halitoki. Lakini alikuwa ameshafika kwenye shavu la mwanawe, anafuta polepole, anarudia palepale. Nikasogea karibu yake, nikangoja zamu yangu.