Nilivyorudi Juu ya Keria

Mkiniona nachechemea, ndugu zangu, msinionee huruma. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni Hamisi, mwenyeji wa Mwabungo. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa utingo wa basi la Msambweni hadi Likoni. Kazi yangu ilikuwa juu ya keria, kule paani pa basi: magunia ya mbata katikati, matenga ya kuku pembeni, pengine kitanda cha bi harusi juu kabisa, halafu turubai na kamba. Nilikaza kwa goti na mikono miwili mpaka mzigo ukatulia kama umejengwa. Hakuna abiria aliyewahi kupoteza hata chungwa.

Siku hiyo tulipakia korosho Kinondo. Nilisimama ukingoni mwa keria, nimeegemea nyuma kwa uzito wangu wote, nakaza fundo la mwisho. Sikuwa nimegonga bati kutoa ishara ya kuondoka. Dereva akaondoa gari. Kamba ikanichomoka mikononi, nikaanguka chali, gunia likanifuata likanipiga pajani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nilipotazama, ncha yake nyeupe ilikuwa imetoboa nyama.

Hospitalini waliurudisha mfupa mahali pake, lakini kidonda kilioza. Usaha ulitiririka, na harufu yake iliwafanya wageni wa wagonjwa wengine wajifunike pua kwa kanga. Homa ilinitetemesha nikauma shuka.

Baba mkwe alikuja kunitazama. Akamwambia mke wangu, nami nasikia, "Mwanakombo, turudi nyumbani. Huyu hata akipona, atakuwa wa kukaa barazani tu."

Mke wangu alikuwa akinipepea. Hakuacha. "Baba, heshima yako naiweka. Lakini mimi nitarudi naye."

Daktari naye hakunificha. "Hamisi, tutakwangua kidonda mpaka kwenye mfupa. Kisipopona, tutaukata mguu."

"Kwangua," nikamwambia. "Hayo ya kukata utaniuliza siku yake."

Alikwangua, akarudia tena. Nilichomwa sindano mpaka pa kuchoma pakakosekana. Mwishowe usaha ukakauka, nyama mpya nyekundu ikaota. Mguu ulibaki mfupi. Nilipoanza kutembea kwa magongo nililia kwa maumivu, nami naenda.

Nilipoyaacha magongo nilirudi stendi. Dereva yuleyule alinipa mkono, macho chini. "Pole sana, Hamisi. Sasa ukae humu ndani ya basi, ukatishe tiketi."

"Humu ndani sikuanguka," nikamjibu. "Nipe ufunguo wa gari."

"Wa nini?"

"Utakaa mfukoni mwangu mpaka nimalize kufunga mzigo."

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka. Nilinyoosha mkono hivyo hivyo mpaka akachomoa ufunguo akanipa. Nikapanda ngazi, mguu mbovu ukinifuata nyuma.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, namshukuru daktari yule, na Mwanakombo shukrani zake siwezi kuzimaliza. Nyinyi mliolala vitandani, kidonda kikinuka msikifiche, mwonyesheni daktari. Watu wakianza kuwazika mngali hai, wakatalieni. Nanyi mnaofunga mizigo, msipande keria na ufunguo ukabaki kwa dereva. Akikasirika, mwambieni apande afunge mwenyewe.