Nilivyomsingizia Anjela Kitovu cha Mdogo Wangu

Sisi tuliokulia Murungu, Kibondo, kabla kila mtoto hajajua kufungua simu ya mama yake, dunia yetu ilikuwa rede, ule mchezo wa kulengana na kukwepa. Mpira wa matambara, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na ukirudi nyumbani unakuta ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Watoto wa leo wakikimbia hatua kumi wanaomba maji! Sisi wasichana tulikwenda uwanjani na wadogo zetu mgongoni, tukawalaza pembeni kwenye kanga na kuwashika kwa zamu.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Mdogo wangu Amosi alikuwa na miezi miwili, na mimi nilikuwa nimenogewa na mchezo. Nikamwacha alie mpaka sauti ikamkauka. Jioni mama akimwogesha akaona kitovu kimetokeza, kimevimba kama ndimu. Kwetu kila mtu alijua kwamba mtoto mchanga akiachwa alie sana, kitovu hutoka.

"Nani kamwacha mwana wanje, mtoto wangu, alie hivi?" akauliza.

"Anjela," nikasema.

Anjela alikuwa jirani na rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Mama hakumpiga, alimwambia tu asije tena kwetu. Anjela alinitazama, akaondoka. Niliona aibu, lakini sikumwambia mama ukweli. Bibi akakifunga kile kitovu kwa kitambaa na sarafu, wapi!

Amosi alipofika miaka mitatu, siku moja kitovu kikawa kigumu, kikakataa kurudi ndani, akaanza kutapika. Tukamkimbiza Kasulu, akapasuliwa. Daktari, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, akamweleza mama taratibu.

"Alizaliwa na tundu, mama. Utumbo ukawa unapenya hapo. Tumeurudisha, tumeshona. Kulia hakukumtoboa, kulilionyesha tu."

Tuliporudi nyumbani mama hakuwa na raha. "Tulimwonea mtoto wa watu," akaniambia. "Nenda kamwite Anjela, aje ale na sisi."

Nilitoka. Lakini Anjela angekuja, angeeleza zamu ilikuwa ya nani. Nikajificha kwenye migomba kwa muda, nikarudi.

"Amekataa kuja."

"Ana haki," mama akasema. Hakuuliza tena.

Sasa Amosi ni kijana mrefu, na kovu lake mpaka ulitafute. Vijana wenzake wakikosana asubuhi, mchana wameshaombana msamaha kwa ujumbe wenye vikatuni vinavyolia. Huwa nawacheka, ila wananishinda. Sisi tulijua kucheza, kuomba radhi hatukujua.

Mama alipofariki, Anjela aliniandikia kunipa pole. Mwishoni akauliza kama mama aliwahi kumsamehe.

Nikamjibu: ndiyo, alikusamehe.