Parachuti ya Mkunja Mashuka

Habari za kifo chake zilinikuta mtaani Najma, hapa Doha, Jumanne asubuhi, nimesimama mbele ya duka la mikate nikingoja mkate wangu utoke tanurini. Aliyepiga simu ni mdogo wake. "Kaka," alisema, "siz ameenda." Nikamwuliza ameenda wapi. Lilikuwa swali la kijinga, lakini ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Akanieleza kwamba jana yake jioni dada yake alianguka kazini, katika chumba cha mashuka cha hoteli aliyokuwa akifanyia kazi, wakamkimbiza hospitali, na huko hakuamka tena. Nikasema pole. Nikapokea mkate wangu, nikaenda ofisini, nikajibu barua pepe zote zilizokuwa zikinisubiri, hata zile zisizohitaji jibu. Wasomaji wangu wa kila wiki mnanijua kuwa mimi ni mtu wa kulia hata arusini. Safari hii hakikutoka kitu. Nilikuwa nimekufa ganzi, na hata ninapoandika haya ganzi yenyewe haijaisha yote.

Sitamtaja jina, kama ilivyo desturi ya safu hii. Hakuwa ndugu yangu, na siwezi kudai kwamba alikuwa rafiki; alikuwa mtu wa Ijumaa, yaani mtu ambaye tusingejuana kama si siku moja ya mapumziko na gari moja la ajabu. Alikuja Doha kufanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Al Rayyan, kisha akahamia hotelini, akapewa kazi ya kukunja mashuka. Mdogo wake, wa baba mmoja mama mmoja, ni dereva wa gari la kukokota magari mabovu. Huyu, pamoja na rafiki yake Mganda anayechomelea vyuma hapa Najma, wameunda gari lao la mbio kwenye banda la shamba moja kule Umm Salal. Mwenye shamba ni mzee wa Kiqatari anayependa ngurumo za injini kuliko anavyowapenda mbuzi wake. Gari lenyewe ni refu, jembamba, limelala chini kiasi kwamba dereva huliingia kama anayeingia kitandani. Injini ilitoka kwenye gari lililopinduka jangwani, na mwili ni mabomba na mabati. Halikati kona. Kazi yake ni moja tu: kwenda mbele moja kwa moja kwenye uwanda wa chumvi iliyokauka huko kusini, ambako msimu wa baridi watu waliojiundia magari hukutana kupimana nani ana kasi zaidi.

Kwenda ni rahisi. Kusimama ndiko kwenye kazi. Kwa mwendo ule breki peke yake huungua, kwa hiyo nyuma ya gari hufungwa parachuti. Dereva akishapita mstari wa mwisho huvuta mpini mmoja mdogo, parachuti hufunguka na kulishika gari kwa nyuma. Walikuwa wamepata parachuti ya mtumba, yenye umbo la msalaba, na Ijumaa ile nilipomwona marehemu kwa mara ya kwanza walikuwa wakiishindilia kwenye mfuko wake kwa magoti. Alikuwa ametuletea pilau.

"Hiyo ni nguo ama ni takataka?" aliuliza, sufuria bado mkononi.

"Siz, hii si nguo. Ni parachuti."

"Iko na pindo?"

"Iko nayo."

"Imeshonwa?"

"Imeshonwa."

"Basi ni nguo. Tokeni hapo."

Akapiga magoti, akaitandaza, akaanza kutugawia kazi kama msimamizi wa zamu. Mganda alipewa kamba, azinyooshe zisipande juu ya nyingine. Mdogo wake alipewa mfuko, aupanue mdomo. Mimi niliyekuwa nimekuja kutazama na kunywa chai niliambiwa, "Wewe mwandishi, shika kona ya kushoto, na usinipigie stori." Nikashika. Msidhani alikuwa na kipaji cha kuzaliwa. Tulipoijaribu mara ya kwanza, tukiikokota nyuma ya gari la kazi kwenye barabara ya shambani, ilitoka imejisokota kama matumbo ya mbuzi, na Mganda akacheka hadi akakaa chini. Marehemu hakucheka. Alitazama video za watu wanaokunja parachuti kwenye simu yake wakati wa chai kazini, akagombana nazo, na Ijumaa iliyofuata akaja na mpango mwingine. Ikachukua Ijumaa kadhaa. Tangu hapo parachuti haikuguswa bila yeye, na mimi sikupandishwa cheo. Nilibaki kona ya kushoto.

Kisa kimoja kitawaonyesha alivyokuwa. Kule Al Rayyan alikotumikia alizoea kufukiza nguo kwa udi kila zinapotoka kufuliwa, na kwake nguo isiyonukia ilikuwa bado haijamalizika. Siku moja, sisi tukiwa tumeinamia injini, akatundika parachuti juu ya chetezo. Cheche ikaruka. Tukasikia "Woi!" na tulipogeuka palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya dengu. Mdogo wake alishika kichwa. "Siz, unafukiza breki?" Dada akatia kiraka cha pande mbili, kimeshonwa kwa mistari minne, na akaendelea kufukiza vilevile, ila chetezo akakisogeza mbali. Aliniambia, "Huyu mtoto akikimbia na hii nyuma yake, angalau iwe safi."

Nikamwuliza, siku nyingine, kama haoni ni ujinga mtu kutoka Kenya kuja kuchomelea mabomba jangwani siku yake ya kupumzika. Mimi niliona ni ujinga. Akanijibu bila kuinua macho, "Wiki nzima yeye huvuta magari ya wenyewe. Mwache siku moja aendeshe lake." Nimelifikiria sana jibu hilo. Wengi wetu hapa tunaishi kwa kutayarisha vitu watakavyotumia wengine. Tunafungua mageti, tunatandika vitanda, tunaosha wagonjwa, tunaendesha watoto wa watu hadi shuleni. Kazi ikifanywa vizuri haionekani; mgeni hulala usingizi wake akaenda zake. Nilidhani jambo hilo humuumiza mtu kama yeye, lakini nilikosea. Kilichomkera kilikuwa kingine. Wako wageni, alisema, wanaolipia chumba kisha wakalala kwenye kochi, na asubuhi kitanda kiko vilevile kilivyoachwa. Shuka hilo hufuliwa tu, kwa kuwa ndiyo sheria. "Kitanda kimechafuliwa mimi sina neno," alisema. "Lakini kile hakijalaliwa, hicho huniuma. Mimi nakunja ndiyo kikunjuliwe."

Jumatano tulikusanyika chumbani kwa mdogo wake, huko Al Rayyan, tukaimba, tukaomba. Mtu mmoja akasema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, na maneno hayo yakanipita kama tangazo la redio. Alhamisi usiku mwili ukasafirishwa, ukisindikizwa na binamu yao. Mdogo wake alikuwa amepata tiketi ya Jumamosi. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Mama yao alisema kwa simu, "Dada yako aliniambia mnaenda. Nendeni." Basi tukaenda, watu watatu, gari limefungwa nyuma ya gari la kukokota. Huko uwandani walikaza magurudumu upya, wakatia mifuko ya mchanga puani ili gari lisiinuke, wakakagua kizima moto na mikanda. Parachuti haikuhitaji kazi. Marehemu mwenyewe alikuwa ameikunja Ijumaa iliyotangulia, nayo ilikuwa bado imefungwa ndani ya mfuko wake.

Mkaguzi, kijana wa Kiqatari, akaugusa mfuko kila upande, akavuta kidogo kufuli lake, akauliza kwa Kiarabu ni nani aliyefunga. Mdogo wa marehemu akajibu kwa kile Kiarabu chetu cha kazini, "Ukhti." Dada yangu.

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani, anaenda nyumbani."

"Mwambie amefunga vizuri. Yalla, haya nendeni."

Mkaguzi alipoondoka, mdogo wa marehemu akatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi hiyo kitu siivuti."

"Ssebo, umechanganyikiwa?" Mganda alimkazia macho. "Breki ziliungua siku ya majaribio, nawe ulikuwa ndani!"

"Uwanda ni mrefu. Zitashika."

"Na zisiposhika?"

"Hii ndiyo ya mwisho alikunja. Nikiivuta, imeisha."

Mganda akanigeukia mimi, eti mtu wa maneno. Niliogopa, hilo nalikiri, lakini hata woga ulikuwa mbali, kama wa mtu mwingine. Nilichopata kichwani ni kile kitanda tu, nikamsimulia mdogo wake kama kilivyo: mgeni, kochi, shuka, na alivyosema dada yake. Alivaa kofia, akajilaza ndani ya gari, Mganda akamfunga mikanda bila kumtazama usoni.

Likaondoka. Kutoka mbali gari hilo ni vumbi jeupe na kelele inayochelewa. Likapita mstari wa mwisho, na hakuna kilichotokea. Mganda akaanza kunong'ona, "Vuta. Vuta, ndugu yangu, vuta." Kelele ikashuka, gari likazidi kwenda, na mimi nikajikuta nimekunja ngumi kama nimeshika kitambaa. Kisha nyuma yake pakachanua msalaba, mzima, umetanuka kona zote nne. Gari likapungua, likapungua, likasimama.

Hakushinda, alikuwa wa katikati. Tulipomfikia alikuwa ameketi chini kwenye chumvi, parachuti yote mapajani, uso wake ndani yake. "Bado inanukia," alisema. Nikainama. Ilikuwa inanukia udi. Kiraka hakikuwa kimeachia hata uzi.

Palikuwa na nafasi ya mbio ya pili, lakini parachuti ilibidi ikunjwe, na kati yetu hakuna aliyeijua kazi hiyo nzima. Tukatandaza turubai. Mganda akachukua kamba zake bila kuambiwa. Mimi nikaenda kona ya kushoto. Katikati, pale alipokuwa akipiga magoti yeye, pakabaki wazi muda mrefu, hadi mdogo wake akapiga magoti hapo. Tukakosea, tukaikunjua, tukaanza tena. Upepo ukainuka, wakafunga uwanja, na sisi bado tunakunja. Ndipo ganzi ilipoanza kuniachia, na kama mnavyojua, ganzi ikiachia huuma. Nililia nikiwa nimeshika kona yangu, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Funzo langu wiki hii ni dogo. Marehemu akikuachia kazi ya mikono yake, usiifungie kabatini. Itumie, kisha uwakusanye wote aliowahi kuwashikisha kona, mkunje tena. Mimi ni wa kona ya kushoto.