Moshi wa Ramadhani

Mjomba wangu alikuwa hodari wa kukosoa saumu za watu. Barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, mtu akichelewa kutema mate tu, alimtazama kama mwizi.

Mwaka tuliopeleka nguo kuuza katika milima ya Taita, Ramadhani ilitukuta njiani. Msafiri ameruhusiwa kula, lakini mjomba alikataa katakata, nami nikapanda vilima vile kwa njaa, makubadhi yakiteleza matopeni.

Asubuhi ya kwanza huko juu, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta ameketi juu ya jiwe, amenipa mgongo. Moshi ulimtoka mdomoni, mkupuo baada ya mkupuo. Anavuta kiko! Mimi nafa kwa njaa kwa ajili yake, naye anavuta tumbako!

Nilipandwa na hasira. "Mjomba, huoni haya? Toa hicho kiko!"

Akageuka. Mikono mitupu. Akanikodolea macho mdomoni, akaruka kama aliyeona nyoka, kwa maana kila neno langu lilitoka na moshi, tena mwingi kuliko wake. Hapo ndipo tulipoijua baridi.

Tuliporudi Mombasa, mjomba alinitangulia barazani. "Wallahi," aliwaambia, "mpwa wangu huyu alitoa moshi mdomoni mchana wa Ramadhani. Nimeuona kwa macho yangu."

Nikaeleza kuwa ilikuwa pumzi tu. Baraza zima likaangua kicheko, kwani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona pumzi ya mtu. Mjomba ndiye aliyecheka kuliko wote.