Kitenge cha Koko kwenye Mlango wa Bundi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliua kinda la bundi, na mpaka leo sijamshukuru vya kutosha mwanamke aliyenifichia siri.

Tulikuwa tumetoka Uvira, mashariki mwa Kongo, tukapita njia ndefu ambayo leo siisimulii, tukaishia Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Vijiji vya mkoa ule vimekaa juu ya vilima ambavyo wenyeji wa kale walivijenga wenyewe kwa udongo na samadi ili bahari isiwafikie. Juu kabisa kuna kanisa, na makaburi yamelizunguka. Huko Wieuwerd, chini ya kanisa, kuna maiti zilizokauka bila kuoza tangu enzi za mababu, na watalii huja kuziangalia. Mwalimu alitupeleka. Niliporudi nikamsimulia Koko, bibi yangu mzaa mama, naye hakugusa chakula siku ile.

Lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa jirani. Nyumba tuliyopewa ilipakana na zizi kubwa la mjane mmoja mfugaji, Sjoukje. Kwenye ncha ya paa lake palikuwa na ubao wa pembetatu uliochongwa bata maji wawili wa shingo ndefu, na katikati tundu. Nilimuuliza Sjoukje tundu lile ni la nini. Akaniambia ni mlango wa bundi. Bundi hula panya, kwa hiyo wakulima wa kule wamemwachia njia ya kuingilia tangu zamani.

"Hawa batu banamujengea bundi mulango!" Koko alisema, mikono kichwani. "Sisi tunamufukuza na moto, bo banamukaribisha kama shemeji!"

Mwezi wa sita ule mama alikuwa amelazwa hospitali mjini Leeuwarden. Mimba ilikuwa ya miezi minane na presha ilikuwa imepanda. Baba alikuwa akishinda na kulala huko. Jioni moja bundi akapiga yowe juu ya zizi, yowe la kukwaruza, na Koko akaacha kukoroga ugali.

"Iko inaita mutu," alisema. "Kuna mutu ataondoka."

Hakumtaja mama, wala hakukuwa na haja.

Asubuhi, Koko akiwa kwenye maombi na Sjoukje yuko shambani anakata majani, nilichukua kitenge cha Koko cha samaki wa rangi ya machungwa. Ndicho alichonibebea mgongoni tulipotoka nyumbani, na kwa akili yangu hakuna nguo nyingine duniani iliyokuwa na nguvu kama ile. Nilipanda ngazi za zizi mpaka darini, nikakisokomeza kwenye tundu. Pembeni kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake kitu kikanifyonya kwa hasira. Nikajua ni shetani, nikashuka mbio. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote.

Jioni ya pili jua lilikuwa bado juu, maana majira hayo kule linachelewa sana kuzama. Bundi mweupe akawa anazunguka zizi. Anakuja mpaka kwenye kitenge, anakigonga kwa kifua, anarudi, anakuja tena. Kipande kilikuwa kimeninginia nje na kijiji kizima kilikiona, na kijijini pale familia yenye kitenge ilikuwa moja tu. Koko alitoka nje. Nilidhani atanisifu, lakini yeye alikuwa akimtazama ndege yule.

"Eko na panya mu kinywa," alisema polepole. "Anapelekea nani?"

Kisha akaelewa. Koko, ambaye hakuwahi kukanyaga zizi lile, akavuka ua kama mtu anayekimbilia moto, akamvuta Sjoukje kwa mkono. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana. Koko alishika ngazi, Sjoukje akapanda, nami nikamfuata. Sandukuni makinda matatu yalikuwa yameachama midomo. La nne lilikuwa limeshapoa. Sjoukje aliniwekea kiganjani, na lilikuwa jepesi kama kipande cha mkate.

"Sikutaka mama afe," nilimwambia kwa Kiholanzi changu cha shule.

Angeweza kunifokea. Bundi wa kule wanalindwa na sheria, na kijijini walikuwepo watu waliokuwa wakisubiri kisa tu ili tuhamishwe. Alichomoa kitenge, akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kesho yake majirani walipomuuliza kitenge kilifikaje pale tunduni, aliwajibu neno moja: "Upepo." Friesland upepo husingiziwa mengi, nao wakamwamini. Kitenge alikirudisha kimefuliwa na kupigwa pasi.

Mama alirudi baada ya wiki mbili, mdogo wangu kifuani, wazima wote. Koko mpaka anafariki alishikilia kwamba maneno yake yalitimia. Sikuwahi kumbishia. Kweli aliondoka mtu, mtoto wa mwenzetu bundi, na aliyemwondoa ni mimi kwa mikono yangu.

Sasa naishi Umbilo, hapa Durban, na kazi yangu iko kwenye ofisi ya meli bandarini. Mwezi uliopita bundi alitua juu ya jengo letu. Mama Neema wa saluni ya chini, ambaye binti yake ni mjamzito, alipanda ngazi anahema.

"Eish, dada, ile ndege iko inatafuta nini hapa? Tumuambie mulinzi aitupie mawe."

Sikumcheka. Hofu ile naijua uzito wake. Nilimpikia chai, nikamsimulia yote haya, na Mama Neema alisikiliza bila kugusa kikombe.

"Na mama yako?" aliuliza.

"Yuko kulekule. Ananipigia simu kila Jumapili."

Tukasimama dirishani. Giza lilikuwa linaanza kuingia na bundi alikuwa amerudi, ametua ukingoni mwa paa la jirani, kitu kinaning'inia mdomoni. Mama Neema alimkazia macho, mkono kifuani. Nikangoja atamke mawe.

"Anapelekea nani?" aliuliza.

Machozi yalikuwa yananitoka, na moyoni nilikuwa nasema asante, Sjoukje, asante sana.